Matanga ya Sola Pale Ngaremara

Hii nawaambia mwenyewe kwa sababu najua mtaisikia tu kwa mtu mwingine, na huyo mtu ataongeza chumvi mpaka nionekane mbaya kuliko nilivyokuwa, na nilivyokuwa tayari ni vibaya vya kutosha. Ndiyo, ni mimi, Kaltuma wa mtaa wa Wabera, Isiolo mjini, mtu ambaye digrii yake ya mambo ya nishati imewekwa fremu na mamake na kuangikwa juu ya televisheni, ndiye niliyetangaza kwamba mtu amekufa akiwa mzima, nikasababisha aandaliwe matanga, nikahudhuria hayo matanga kama mgeni wa heshima, na marehemu alipotokea nikamkaribisha mbele kwa maiki. Aibu yake hata leo sijaimaliza. Nikipita barabara ya Ngaremara huwa najifunika buibui mpaka nabaki macho tu, na si kwa ajili ya dini.

Kwanza mjue kazi yangu, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa niliangukia wapi. Nimeajiriwa na kikundi cha utafiti cha kutoka Nairobi, na tunachofanya ni kupima madhara ya mitambo ya umeme wa siku zijazo, yaani sola, mitambo ya upepo, yale mabetri makubwa ya kuweka stima, na hatupimi tu siku ile mtambo unawaka na kila mtu anafurahi, hapana, tunaufuata tangu madini yake yanachimbwa huko yanakochimbwa, unatengenezwa, unabebwa kwa meli na lori, unafanya kazi miaka yake, mpaka siku unakufa na kutupwa mahali. Halafu kuna zile gharama ambazo haziko kwa bili ya mtu yeyote, anazibeba mtu wa pembeni ambaye hakuulizwa, kama mama ambaye njia yake ya kupeleka mbuzi malishoni imezibwa na ua wa mitambo, au watu ambao maji yao yameingia sumu ya betri kuukuu. Wataalamu wanaziita gharama za nje. Mkumbuke hilo jina, litaniua baadaye.

Mkubwa wangu ni Daktari Nekesa, mama mtaratibu ambaye hajawahi kunipandishia sauti. Akikasirika anavua miwani tu, anaipangusa, na wewe unatamani ardhi ipasuke. Mkataba wangu ulikuwa unaelekea kuisha, na alikuwa ameniambia wazi kwamba wafadhili wanataka kuona kama watu wa Ngaremara, nje kidogo ya mji wa Isiolo, wako tayari kushiriki, na baraza la kwanza likienda vizuri basi nitaendelea na kazi, na lisipoenda vizuri, alisema, tutashukuru kwa muda tuliokuwa pamoja. Nyumbani mimi ndiye ninayelipia ndugu zangu shule, kwa hivyo hilo neno la kushukuru halikunipendeza hata kidogo.

Daktari alinitumia mwaliko ulioandikwa vizuri, wa kusoma kwa watu. Ulianza hivi: tathmini ya athari za mzunguko mzima wa maisha ya teknolojia za umeme. Nikausoma mara ya kwanza, nikausoma tena, nikajiambia hapana, hii ukiwapelekea watu wanaofikiria mbuzi na mvua watakuja wawili, na mmoja atakuwa amepotea njia. Hapo ndipo nikafanya uamuzi mdogo sana, ule wa mtu anayejiona mjanja: nitauweka kwa lugha ya kawaida, na nitautuma kwa sauti kwenye lile grupu la Ngaremara la mambo ya maji na stima, ambako chifu yuko, wazee wako, akina mama wako, kila mtu yuko.

Sasa siku hiyo, ilikuwa Alhamisi, nilikuwa na homa. Si homa ya kulala, ni ile ya pua kuziba na sauti kutoka kama ya mtu aliyelia tangu asubuhi. Nikabonyeza simu, nikasema hivi (ninaweza kuisema yote kwa kichwa, kwa sababu baadaye nilichezewa mbele ya umati):

"Salaam aleikum, na wengine habari zenu. Nina jambo muhimu. Jumamosi asubuhi tukutane pale uwanja wa shule tuongee juu ya Sola. Tutapitia maisha yake yote, kuzaliwa kwake, kazi yake hapa kwetu, mpaka kufa kwake na kuzikwa kwake. Wataalamu wa umeme kutoka Nairobi watakuwepo. Kubwa ni kwamba gharama za nje ni nyingi, na lazima tukubaliane ni nani atazibeba. Tafadhali msikose."

Hapo kamasi zikanishinda, nikavuta pua kwa nguvu, nikamalizia, "Samahani, siwezi kuendelea." Nikatuma.

Ambacho sikujua, na ambacho kila mtoto wa Ngaremara anajua, ni kwamba Sola ni mtu. Ni jamaa anaitwa Ekiru, tulisoma naye shule ya msingi Isiolo, na mimi nimemjua maisha yangu yote kama Ekiru, lakini alipohamia Ngaremara alikuwa wa kwanza kuweka paneli juu ya kibanda pale kando ya barabara na kuchajia watu simu, na tangu hapo hakuna aliyemwita Ekiru tena isipokuwa mamake. Mabango ya kibanda yanasema Sola, watoto wanamwamkia Sola, hata chifu akimtafuta anauliza Sola yuko wapi. Na wiki hiyo Sola alikuwa amesafiri kwenda Rapsu, huko upande wa Kinna, kufunga pampu ya maji kwa shamba la nyanya, na simu yake ilikuwa imeanguka kwenye mfereji, kwa hivyo ukimpigia ni mteja tu, hapatikani.

(Mtu wa Kiswahili cha shule ataniambia kwamba sola ni kitu na Sola ni mtu, na watu wangetofautisha. Rudia kusoma nilichosema. Maisha yake, kuzaliwa kwake, kufa kwake. Hakuna mahali hata pamoja nilipotoa dalili ni kitu. Na isitoshe huku kwetu ngeli tulishaziacha njiani zamani, hata redio ikiharibika tunasema amekufa.)

Majibu yakaanza kuingia muda huohuo. Pole sana Kaltuma. Pole mwanetu. Poleni nyote. Mikono iliyokunjwa ya kuomba, nyuso zinazotoa machozi, mistari mizima. Mimi kitandani na maji ya tangawizi nikafikiria, masikini hawa watu wana roho nzuri, wamesikia tu sauti yangu wakajua niko na homa. Nikawajibu kwa maandishi kwamba asanteni sana, ni mipango ya Mungu, tutaonana Jumamosi. Mama mmoja akaniuliza ilianza vipi, nikamwambia ilianza na koo, halafu ikashuka kifuani, ni hili vumbi na upepo wa barabarani. Kwa hivyo Ngaremara ikagawanyika pande mbili, kuna waliosema Sola aliuawa na koo na kuna waliosema aliuawa na umeme, maana si wataalamu wa umeme wanakuja kutoka Nairobi, na wote wakakubaliana kwamba amefia nje, pengine ng'ambo ya mpaka wa Moyale, kwa sababu nilisema mwenyewe kwamba gharama za nje ni nyingi.

Ijumaa jioni chifu akanipigia. Chifu ni mzee wa Kiturkana, mtu wa heshima anayechagua maneno, na tulikuwa tumeshamwambia kwamba kuna wageni wa mambo ya stima watakuja siku moja, kwa hivyo akaunganisha hayo na haya. Akaniambia mambo ya hema na chakula nisijali, watu wamejitolea wenyewe. Nikafurahi mpaka nikakaa wima. Halafu akashusha sauti.

"Na ule mzigo wenyewe, unafika lini?"

Mimi nikajua anauliza paneli, ile ndogo ya maonyesho, kwa sababu nilikuwa nimemgusia kwamba tutakuja na moja. "Mzigo uko hapa kwangu Wabera, chifu. Tutakuja nao asubuhi kwa gari."

"Kwako? Nyumbani?"

"Ndiyo, nimeulaza chini ya kitanda. Nimeufunga kwa blanketi ya mama ndiyo usivunjike."

"Haujaharibika?"

"Uko sawa kabisa. Tena ni mwepesi, mtu mmoja anaweza kuubeba kwa mkono."

Chifu akasema Mungu atusaidie sote, akakata simu. Mimi nikamwambia mama yangu, unaona, hawa watu wanajali utafiti.

Jumamosi tulipofika pale uwanjani, mimi, Daktari Nekesa na mgeni wa wafadhili (mzungu mpole, mrefu, aliyejifunza Kiswahili chake kwa kitabu), nilidhani tumekosea mahali. Kulikuwa na mahema, viti vimepangwa, masufuria makubwa yanatoa moshi nyuma ya madarasa, kwaya imevaa sare, na watu, jamani, watu mpaka kwenye ua. Kwenye mabaraza yetu mengine tukipata watu wa kujaza kivuli cha mti mmoja tunapiga picha haraka kabla hawajaondoka. Daktari akasimama akatazama, akaniambia hajawahi kuona jamii imehamasishwa namna hii, akaniuliza nilifanyaje. Na hapa ndipo ninapojichukia, kwa sababu mtu mwenye akili angeuliza maswali, lakini mimi niliinamisha macho kwa unyenyekevu nikasema, ah, ni kujitolea tu, Daktari.

Tukafungua buti ya gari. Wazee wanne walikuwa wameshakuja kimya kimya, wamevua kofia. Nilipotoa ile paneli, bado imefungwa kwa blanketi, walinipokonya kwa upole, wakaiinua begani, wakaanza kutembea nayo pole pole kuelekea mbele, na kwaya ikaanza kuimba. Akina mama wakalia. Mmoja alisema kwa sauti ya chini, umeme umemmaliza mpaka amebaki hivi. Mimi nilisikia umeme tu, nikafurahi kwamba mada imeeleweka. Mgeni wa wafadhili akaniinamia akauliza, "Je, mikutano ya namna hii huambatana na uimbaji daima?" Nikamwambia ndiyo, ni utamaduni.

Tukakalishwa mbele. Paneli ikawekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na mtu akaweka maua. Na hapo ndipo nikamwona mama mzee kwenye kiti cha mbele kabisa, ameshikiliwa huku na huku na wanawake wawili, shingo yake tupu. Mnajua mama wa Kiturkana wa rika lake na shanga zake, hazivuliwi ovyo. Akivua amefiwa. Nikaanza kupata wasiwasi, lakini ule wa kijinga: nikafikiri, kumbe kuna msiba hapa, na hawa watu kwa heshima yetu wameuchanganya na baraza letu, na mimi niliyetumwa kuijua jamii sijui hata aliyekufa ni nani. Ningemwuliza chifu, alikuwa ameketi karibu yangu, lakini niliona haya mbele ya Daktari. Nikaamua nikisimama nitatoa pole kwanza, kwa ujumla jumla, halafu niingie kazini.

Mchungaji akaomba. Nikaitwa. Chifu akasimama kando yangu kutafsiri kwa Kiturkana.

Nikasema tunaungana na familia katika wakati huu mgumu, na kwamba aliyetuacha alikuwa mtu wa watu, na pengo lake halitazibika (kumbukeni sijui ni nani). Watu wakatikisa vichwa. Nikaona inaenda vizuri, nikaendelea, sasa turudi kwa Sola. Nikasema Sola ametuletea mwanga, kabla yake tulikuwa gizani, simu zetu zilikuwa zinazima. Kilio. Nikasema lakini tuseme ukweli, pia ana madhara yake, na wengi wanaogopa kuyataja. Hapo wanaume kadhaa wakatazamana, na nimekuja kuambiwa baadaye walidhani nitataja mambo ya wanawake. Nikasema akishakufa watu wengi wanamtupa tu porini, na hiyo si haki, kwa sababu ndani yake kuna vitu vya thamani, kioo, waya, madini, na huko ng'ambo anafunguliwa, vinatolewa, vinauzwa. Chifu hakutafsiri hiyo. Alinitazama tu, akasema kitu kifupi kwa Kiturkana ambacho nafikiri kilikuwa jina la wimbo unaofuata, kwa sababu kwaya ilianza tena.

Nikangoja wamalize. Nikasogea kwenye meza nikasema kwa vile wengi hawajapata nafasi ya kumwona kwa karibu, sasa tutafungua blanketi, kila mtu apite, na anayetaka kugusa aguse.

Chifu akanishika mkono.

"Binti yangu," akasema, "si mbele ya mama yake."

Hapo ndipo nilijua kuna kitu hakiko sawa. Nilisimama na pembe ya blanketi mkononi, nikaangalia yale maua, nikaangalia yule mama, nikaangalia picha iliyokuwa imebandikwa kwenye nguzo ya hema (nilidhani ni ya mheshimiwa fulani, sikuwa nimeitazama), na kichwa changu kikaanza kuhesabu polepole kama simu ya zamani inayowaka. Ile picha namjua huyo mtu. Mbona ni kama Ekiru?

Na kabla sijamaliza kuhesabu, nikamwona Ekiru mwenyewe. Alikuwa anashuka kwenye boda kule mwisho wa uwanja, na alikuwa amekuja na barabara ya Kinna yote kichwani mwake, vumbi kutoka nywele hadi viatu, na juu ya vumbi saruji, maana huko Rapsu alikuwa anajenga msingi wa pampu. Alikuwa mweupe kama unga. Alisimama akashangaa hema, akatembea taratibu akaja nyuma ya umati, na kwa vile ni mtu mwenye adabu, akavua kofia na kusimama kimya kama mtu aliyekuta matanga ya jirani.

Mngekuwa ni nyinyi mngefanya nini? Mngenyamaza. Mngemwita chifu kando. Lakini mimi nilikuwa na maiki mkononi, na nilikuwa nimejawa na raha kumwona mtu ninayemjua, mtu ambaye atanitoa hapo, na mdomo ukatangulia akili.

"Ekiru," nikasema, na spika zikapeleka mpaka barabarani, "karibu mbele. Ni wewe tulikuwa tunangoja."

Watu wakageuka.

Kwanza masufuria yalisikika yakichemka. Halafu Ngaremara ikaondoka. Sijui niseme vipi. Viti vililala vyote upande mmoja kama nyasi, kwaya ikapita juu ya ua bila kugusa, mtu alishika kamba ya hema akaenda nayo na hema likatushukia. Chifu alininyang'anya maiki, na badala ya kutuliza watu akamwelekezea Ekiru na kumwambia kwa jina la Bwana arudi alikotoka. Ekiru, ambaye alidhani watu wanakimbia kitu kilichoko nyuma yake, alianza kukimbia pia, akiwafuata, na kadiri alivyowafuata ndivyo walivyozidi. Mimi nilikuwa chini ya turubai nimekumbatia paneli. Karibu yangu mgeni wa wafadhili alikuwa bado ameketi kwenye kiti, turubai limemfunika kichwa, anapiga makofi polepole.

Nilipotoka chini ya lile hema ndipo nikaona mtu mmoja tu ambaye hakukimbia. Yule mama. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, na Ekiru alipomwona akasimama naye, akaacha kukimbia. Mama akamwendea. Akamgusa shavu, akaangalia vumbi kwenye vidole vyake, akamgusa tena, akamshika sikio kama mtu anayepima mtoto kama ana homa. Halafu akainua fimbo yake akaanza kumchapa miguuni, na kila fimbo anauliza neno moja tu, simu, simu, simu. Akachoka, akakaa chini palepale kwenye mchanga na kulia, na Ekiru akachuchumaa mbele yake hajui afanye nini na mikono yake ya saruji. Mimi nilikuwa nimeanza kutaka kucheka, nasema ukweli, lakini nilipoona ile shingo tupu, kicheko kiliisha. Niliwaza hivi: huyu mama amelala siku mbili akiwa hana mtoto, na aliyemnyang'anya ni mimi, kwa ajili ya mbwembwe za kusema kwa lugha rahisi.

Watu walirudi mmoja mmoja, kwa kuchungulia. Chifu alipopata pumzi aliweka kesi hapohapo. Akachukua simu yake, akaiweka kwenye spika, akacheza ile sauti yangu mbele ya wote, anasimamisha kila sentensi, ananiambia eleza. Tuongee juu ya Sola, eleza. Nikaonyesha paneli. Kufa kwake na kuzikwa kwake, eleza. Nikasema paneli ikizeeka. Gharama za nje, eleza. Nikaeleza, na safari hii nilieleza vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu, kwa sababu nilikuwa naeleza kwa machozi. Tulipofika pale pa mwisho, pa kuvuta pua na siwezi kuendelea, nikasema ni mafua.

Ekiru alikuwa amenyoosha shingo anasikiliza. Akauliza, "Sasa huyu mmembeba kwa blanketi ni nani?"

"Ni sola," nikasema.

Bibi mmoja mzee nyuma kabisa ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka peke yake kwa muda, akaambukiza aliye karibu, na mwishowe uwanja mzima ulikuwa umeshika mbavu, isipokuwa watu wawili. Mmoja ni mama yake Ekiru. Mwingine ni Daktari Nekesa, ambaye alikuwa amevua miwani.

Wazee wakakaa kando, wakaamua. Chakula kitaliwa, maana mbuzi hawezi kurudishiwa uhai (na hapa niliumia zaidi, kwa sababu niliambiwa walikuwa wamemtafuta jirani Mwislamu aje achinje, ili mimi na watu wa mjini tuweze kula). Mimi nitaenda kwa yule mama kuomba msamaha na kumsaidia kuvaa shanga zake. Na baada ya hapo nitazunguka na gari kila mahali habari ilikofika, nitangaze kwa kipaza sauti kwamba Sola yuko hai.

Nilikwenda nikapiga magoti. Yule mama aliniangalia muda mrefu, akasema maneno machache, na Ekiru akanitafsiria: anasema mikono yako inatetemeka, zishike vizuri zisikatike. Basi. Nikamvisha, duara juu ya duara, shingo ikajaa tena, na alipomaliza kujipapasa akanisukumia sahani ya nyama bila kunitazama. Nikala. Sikuwa na uso wa kukataa.

Na baraza, mniamini au msiniamini, lilifanyika. Watu walikuwa wameshiba, wamelia, wamecheka, hawana haraka. Daktari akachukua maiki akauliza swali letu kwa utaratibu wake, je, paneli na betri zikifa hapa Ngaremara huwa zinakwenda wapi. Halafu mama mmoja akasema tusizunguke, marehemu si yuko hapa, aulizwe. Ekiru akaanza kujikuna. Ikatoka kwamba betri zake zote zilizokufa huwa anazitupa kwenye laga, ule mto mkavu ulio nyuma ya kibanda, pale ambapo mvua ikinyesha maji yanasimama na mbuzi wanakunywa, na mama huyo akasema mbuzi wake wamekuwa wakiharibu mimba na sasa anataka kujua kama ni hayo maji. Wale wale waliokuwa wanasema pengo lake halitazibika wakamgeukia kwa ukali, kila mmoja na lake, huyu na laga, huyu na waya zilizoachwa njiani, mpaka Ekiru akaniambia sikioni kwamba Kaltu, afadhali nilipokuwa nimekufa. Daktari alikuwa anaandika bila kuinua kichwa. Miwani ilikuwa imerudi machoni. Kabla ya kuondoka, watu walikuwa wamekubali wenyewe tupime maji na udongo wa ile laga, na Ekiru amekubali, bila kupenda, kuzikusanya zile betri mahali pamoja.

Kwenye gari Daktari aliendelea kuandika mpaka tukakaribia mji. Halafu akasema, "Kaltuma, mkataba utaendelea. Lakini sauti yako nisiisikie kwenye grupu lolote."

Na lile tangazo nilirudi kulifanya jioni hiyohiyo, baada ya kuwashusha wageni mjini. Kutoka Ngaremara mpaka sokoni Isiolo, gari polepole, mimi na kipaza sauti nasema kwa Kiswahili na Kiborana changu kwamba ndugu wananchi Sola hajafa, Sola yuko hai, tunaomba radhi, na Ekiru amekaa juu ya gari anapunga mkono kama ushahidi, bado ana saruji. Huko nyumbani Wabera mama yangu alisikia sauti ya mwanawe ikipita barabarani, akatoka mlangoni, akatazama, akarudi ndani na kufunga mlango. Mpaka leo hatujaizungumzia.

Tangu siku hiyo nimeapa sitatuma tena ujumbe wa sauti, wala sitaita jambo kwa jina la mkato hata likiwa refu kama barabara ya Moyale. Mwaliko ukija umeandikwa mzunguko mzima wa maisha ya teknolojia, nitausoma hivyohivyo, mzunguko wake mzima, waje wawili. Na kwanza nauliza. Mwezi uliopita Daktari aliniambia tunaanza upande wa mitambo ya upepo, nikaenda ofisini kwa chifu mwenyewe, kwa miguu yangu, nikakaa kwa adabu, nikamwuliza kama kwa bahati mbaya kuna mtu yeyote hapa Ngaremara anayeitwa Upepo.

Chifu akaweka kalamu chini.

"Yuko," akasema. "Anacheza mpira, na tangu juzi ni mgonjwa. Kwa hivyo hiyo barua ya mwaliko nitaandika mimi."